Nataka kuhama Goba niende kukaa Kisutu na familia, usiku kukoje huko jamani?

Kibuyu wa Goba
Wakuu heshima kwenu. Naenda moja kwa moja maana nimechoka. Nakaa Goba, pembeni ya Dar, mwaka wa saba sasa, kazi yangu iko Kivukoni, wife kazi yake ya shifti maeneo ya Upanga, mtoto ana miaka sita. Natoka ndani saa kumi na moja kasoro narudi saa tatu usiku, mtoto ananiona Jumapili tu kama padri. Wife akiwa shifti ya jioni anatoka saa mbili, akifika Tangi Bovu saa nne inagonga, hapo bado achukue boda kupandisha Goba kwenye giza na mtu asiyemjua. Mimi nikiwa nyumbani napiga simu kila dakika tano mpaka ananigombeza.

Sasa kuna dalali kaniletea flati ya vyumba viwili Kisutu, ghorofa ya nne, laki nane kwa mwezi, miezi sita mbele na mwezi mmoja wa kwake yeye. Hela ipo kwa kujibana. Shida ni usalama. Mama mkwe kasikia tu neno Posta, yaani mjini kati, kasema mnampeleka mjukuu wangu kwa vibaka. Wife mwenyewe anasema Posta ikifika saa mbili usiku ni makaburi. Mimi mchana napajua vizuri, usiku sipajui zaidi ya kwenda kula mishkaki na kuondoka. Nataka kusikia wanaolala huko, sio wanaopita na basi la mwendokasi.

Chizi Maarifa wa Mbezi
Mtu anatoka Goba kwenye nyoka na fisi anaogopa vibaka wanaovaa viatu 😂😂

Bwana Baraza
Nakaa mtaa wa Jamhuri tangu 2009 nikujibu vizuri. Kwanza acha kusema Posta kama ni kitu kimoja. Kuna Posta ya maofisi na kuna Posta ya watu. Ukichukua Samora kuanzia ile sanamu ya Askari ukashuka mpaka Sokoine Drive na kule Kivukoni, hapo mkeo hajakosea, saa mbili usiku ni makaburi kweli, na tangu serikali ianze kuhamia Dodoma baada ya 2016 pamezidi kupoa, kuna majengo nakumbuka taa zilikuwa zinawaka mpaka saa tatu, leo saa kumi na moja jioni mlinzi keshafunga geti anasikiliza redio. Kibaka hapo ana raha zake maana anayepita anapita peke yake.

Ila mitaa ya Kisutu, Jamhuri, Libya, Zanaki, Mosque, huku watu wanaishi. Sio wapangaji wa jana, kuna familia bibi yao alikuwepo kwenye nyumba hiyo hiyo kabla ya 1971 majumba hayajataifishwa, wakabaki kama wapangaji wa Msajili wa Majumba, baadae Shirika la Nyumba, leo wajukuu zao ndo wanakaa barazani wanacheza karata. Saa nne usiku muuza kahawa anapita na kashata zake, kuna wa mishkaki, kuna duka la juisi, kuna vijana wamekaa juu ya gari la mtu wanabishana mpira. Alfajiri watu wanashuka kwenda kuswali. Yaani hakuna saa mtaa umelala wote kwa pamoja. Mimi nimerudi saa saba usiku natembea kwa miguu kutoka stendi zaidi ya mara mia, na mara mbili nimeulizwa WEWE NI NANI unaenda kwa nani, tena na mzee aliyevaa kanzu ya kulalia kutoka ghorofani. Nilikasirika, baadae nikaelewa kumbe huyo mzee ndo ulinzi wenyewe.

Dada wa Mtendeni
Nakubaliana na Bwana Baraza nusu, nusu nyingine wanaume hamuijui. Mimi ni mwanamke naishi peke yangu huku mwaka wa tano. Usiku siogopi. Saa nne niko chini nanunua chipsi na dera langu na kandambili, watu wananiita dada wa ghorofa ya pili. Ninachoogopa ni asubuhi, hasa Jumapili saa kumi na mbili mpaka saa tatu. Wale wa usiku wamelala, wa mchana hawaji maana maduka yamefungwa, wafagiaji wameshamaliza. Barabara nyeupe. Hapo ndo vishandu wanafanya kazi.

Kwa asiyejua, vishandu ni wale wa pikipiki, wawili, wa nyuma anakunyakua mkoba, wa mbele anatimua mbio. Mimi walinipata Bibi Titi nikiwa naenda kanisani, mkoba nimeuvusha kifuani ule mtindo wa kukatisha bega nikijua ndo salama, kumbe ndo nimejifunga kamba mwenyewe. Walinivuta hatua kama kumi na tano goti lote likabaki lami. Mkanda ungekuwa mgumu kidogo sijui. Mwambie mkeo mkoba autundike bega la upande wa ukuta sio upande wa barabara na wakishika AACHIE. Simu inanunuliwa. Kituoni nilikoenda kuripoti nikaulizwa namba ya pikipiki, yaani nimelala chini kifudifudi nisome namba.

Alafu hiyo habari ya kuogopa giza la Goba naielewa zaidi kuliko wote humu. Boda usimjue, porini, saa nne usiku. Mimi ningehama hata kesho.

Kibuyu wa Goba
Dada pole sana aisee. Hilo la Jumapili asubuhi sikuwahi kuliwaza hata siku moja, na sisi ndo saa ya ibada.

Mzee Tenki
Vijana mnasahau kitu. Kabla ya Oktoba 2021 hizo barabara zilikuwa zimejaa machinga. Walipoondolewa kila mtu akashangilia njia imefunguka, mji umependeza. Sawa umependeza. Lakini yule wa soksi na yule wa chaja walikuwa wanafunga saa tatu, wana taa zao za betri, na walikuwa wanamjua kila mwizi kwa jina la utani. Ukiibiwa unamfuata machinga unamwambia kaka niokolee laini tu na vitambulisho, baada ya nusu saa waleti yako inarudi haina hela ina vitambulisho. Leo nani atakurudishia?

Konda Mstaafu
Mzee Tenki shikamoo ila hapo unatupiga. Huyo machinga alikuwa anajua mwizi kwa jina maana walikuwa wanakula pamoja mzee wangu 😂 Watu walikuwa wanachomolewa kwenye msongamano wa hizo meza zenu, njia imebaki futi mbili unasukumwa mbele na nyuma, ukitoka upande wa pili huna simu. Mimi nimefanya kazi ya kupiga debe Posta ya zamani enzi za daladala, kabla ya mwendokasi wa 2016, hao watu nawajua. Kulikuwa na mpaka watu wa kazi moja tu ya kukuangushia kitita cha hela miguuni, anakuja mwenzie anakwambia mzee tugawane tusimwambie mtu, unaenda kugawana kwenye kichochoro unatoka na karatasi zimefungwa na noti moja juu.

Mzee Tenki
Marahaba. Hao bado wapo, wamehamia Kariakoo wanauza simu kwenye boksi ndani kipande cha sabuni.

Kunguru wa Mchikichi
Mnaongea vibaka vibaka. Mimi nakaa Kariakoo ghorofa ya tatu juu ya maduka na sijawahi kuibiwa hata kijiko, chini kuna walinzi wanne wa maduka, kuna Mmasai wetu wa mlangoni, na tangu 2025 walivyozindua biashara ya saa 24 taa ndo zimeongezeka. Nikwambie ninachoogopa mimi. Naogopa jengo.

Novemba 16, 2024, Jumamosi asubuhi, mimi nilikuwa napiga mswaki nikasikia kishindo nikajua lori limegonga nguzo. Natoka barazani naona vumbi limesimama kama moshi wa treni. Ghorofa limekaa chini na watu wa dukani wamo ndani. Watu zaidi ya 20 walifariki, wengine walikuwa wanaongea na ndugu zao kwa simu wakiwa chini ya zege. Maneno yaliyokuwa yanasemwa pale ni kwamba chini kulikuwa kunachimbwa kuongeza maduka. Sijalala vizuri wiki mbili, nikisikia fundi anagonga nyundo popote mtaani roho inaruka.

Na huko Kisutu msijifanye ni Kariakoo tu. Machi 29, 2013, Ijumaa Kuu, ghorofa 16 lililokuwa linajengwa Indira Gandhi na Morogoro Road lilidondoka likaua watu 36, na watoto waliokuwa wanacheza mpira pembeni wakiwemo. Hapo sio Kisutu?

Kwahiyo Kibuyu ukienda kuangalia nyumba acha kuangalia vigae na rangi. Shuka chini kabisa. Angalia kama kuna mtu anachimba, kama kuna ukuta umetolewa kupanua fremu ya duka, angalia nguzo za chini kama zina nyufa za mshazari. Alafu panda juu uangalie madirisha, maana huku mjini kwa kuogopa wezi watu wamefunga nondo mpaka dirisha la choo, ngazi ni moja tu na geti la ngazi lina kufuli na ufunguo anao mtu mmoja kalala. Moto ukiwaka ghorofa ya pili wewe wa nne utatokea wapi? Soko la Kariakoo Julai 2021 liliungua usiku tukiliangalia hivi hivi, na lile soko halikuwa na watu wamelala ndani. Namba ya zimamoto ni 114, wangapi humu wanaijua bila kuangalia?

Chizi Maarifa wa Mbezi
Mkuu umenitoa kwenye utani kabisa.

Bwana Baraza
Kunguru umesema kweli na nimeona aibu. Kwetu kuna mlango wa nyuma umewekewa matenki ya maji na pikipiki mbovu. Nimeshuka sasa hivi kuuangalia, haufunguki.

Wa Ngara
Salamu kutoka Nairobi. Nimesoma huu uzi nikacheka kidogo, nyinyi watu wa Bongo mna raha. Mimi nakaa Ngara, dakika kumi kwa mguu mpaka tao, yaani katikati ya jiji. Hapo Globe raundabauti ukipita usiku ukiwa peke yako utapigwa ngeta, yaani jamaa anakukaba shingo kwa mkono kutoka nyuma, unalala, ukiamka hauna simu, hauna viatu. Kutoka Archives mpaka Odeon jioni simu iko ndani ya soksi. Kwa matatu dirisha inafungwa hata kama jua inachoma, juu ukiongea na simu karibu na dirisha mtu anaichukua kutoka nje na gari ikitembea.

Lakini sikiza, bado nakaa hapa, juu nikikaa Rongai huko nje ya jiji ntakuwa kwa jam maisha yangu yote. Nimejua saa na njia. Saa mbili usiku River Road imejaa watu, wasafiri wa kwenda mashambani wako hapo na mizigo, natembea. Moi Avenue Jumapili usiku sitembei. Kitu imeharibu tao sana si wezi hata, ni zile siku za maandamano za 2024 na 2025, ukikaa karibu na mjini huna mahali pa kukimbilia, gesi ya machozi inaingia mpaka kwa kitanda ya mtoto, na wahuni wanatumia hiyo nafasi kuvunja maduka. Siku kama hizo mtu wa Rongai ndio ako salama.

Swali, hiyo laki nane ni shilingi ngapi yetu? Inakaa mob sana.

Konda Mstaafu
Kama elfu arobaini na kitu za kwenu hivi, kutegemea na siku. Karibu Kisutu jirani.

Nesi wa Zamu
Mimi ni wa Upanga, na kwa kuwa mke wa Kibuyu yuko na kazi za shifti naomba nimsemeshe yeye. Dada, njia ya Upanga kwenda Kisutu sio mbali ila usitembee. Bajaji ya mtu mmoja unayemjua, namba yake iwe kwenye simu, sisi tuna baba mmoja anatubeba watu wanne kila mmoja na zamu yake, anatusubiri getini hata kama mvua. Umbali ni mdogo hela ni ndogo. Ukilinganisha na Tangi Bovu ni kama umeshuka kitandani.

Jambo la pili watu wa Goba wakija huku wanaogopa mateja, wale wa dawa za kulevya. Kuna kliniki ya methadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha, Muhimbili ipo tangu 2011, asubuhi utawaona wanapita wengi wanaenda kunywa dawa wanarudi. Wamekonda, wengine wana makovu, mgeni anashika mkoba. Hao ndo walioamua kuacha. Mmoja alinikuta nimekwama na gari betri imekufa akasukuma na wenzie wawili, nikampa buku mbili akasema sista nipe mia tano ya chai zinazobaki zitanirudisha kule. Sijawahi kusahau hayo maneno. Wa kuogopa ni yule asiyeonekana kama teja, kavaa shati la kuchomekea ana bahasha ya kaki.

Fundi Vioo
Gari utalaza wapi mkuu? Mbona hakuna anayeuliza. Kwenye haya maghorofa ya zamani pakingi ni barabarani. Kama una gari chora namba kwenye vioo vyote, taa za mbele, taa za nyuma, mpaka kwenye kioo kidogo cha pembeni, na sait mira zipigie rivet. Pawa windo wanang'oa ndani ya dakika mbili. Ukiibiwa usipige kelele, nenda mtaa wa Gerezani kwenye vipuri asubuhi na mapema, utauziwa vyako mwenyewe kwa bei ya kuelewana 😂

Kibuyu wa Goba
Gari ni ya mzee wangu nimerudisha, natembea na mwendokasi begi nimelipakata kama mtoto. Asanteni wote. Nimekaa na wife tumesoma uzi mzima, ya Kunguru kayasoma mara mbili. Kasema kabla ya kutoa hata mia twende tukakae pale usiku na asubuhi ya Jumapili tuone wenyewe. Nitaleta mrejesho.

Mama Mapacha wa Tabata
Nyie mnaosema pembeni ya mji ndo salama mmesahau Panya Road, lile genge la vijana wa mapanga. Mwaka 2022 walivyoingia kwenye nyumba za watu ilikuwa Posta? Ilikuwa Kawe, Chanika, huko huko mnakokimbilia kutafuta utulivu. Panga mlangoni saa nane usiku na jirani yuko mita mia, unapiga kelele zinaishia kwenye migomba. Ghorofani angalau ukipiga kelele watu watano wanawasha taa, hata kama hawatafungua mlango.

Kunguru wa Mchikichi
Hawafungui kweli lakini 😂 wanachungulia.

Kibuyu wa Goba
Mrejesho wakuu, mrefu kidogo mnivumilie.

Jumamosi tulimwacha mtoto kwa mama mkwe, tukamwambia tunaenda kwenye harusi, Mungu atusamehe. Saa nne usiku tumefika. Bwana Baraza hakudanganya, watu wapo, karata zipo, na yule muuza kahawa tulikaa naye mpaka saa saba maana wife aliamua kumhoji kama polisi. Kamwambia jengo letu lile analijua, mlinzi wake ni mzee mmoja analala saa sita akiamka ni saa kumi. Tukaenda kuhakikisha, saa saba na nusu tumempita mzee wa watu kakumbatia rungu anakoroma, tumepanda mpaka ghorofa ya nne tumeshuka hakuna aliyetuuliza. Wife akasema sawa, huo ndo ulinzi wa laki nane.

Tukalala gesti ya karibu. Asubuhi saa moja tukatoka. Dada wa Mtendeni, ulichosema ndo nilichokiona. Ni ndege kunguru na mbwa tu. Mbwa kama saba wamelala katikati ya barabara, hakuna gari la kuwaamsha. Tumetembea mpaka Bibi Titi nikasikia pikipiki nyuma, aisee mimi mwanaume mzima nilimsukuma wife ukutani, kumbe ni mtu wa mikate.

Tukarudi kwenye jengo kuangalia ya Kunguru. Chini nguzo hazina shida kwa macho yangu ya kawaida, ila nyuma kuna fremu inaongezwa, ukuta umebomolewa na mchanga umemwagwa mpaka kwenye ngazi. Nikampigia dalali kuuliza kibali, akasema mkuu wewe unanunua jengo au unapanga? Ngazi ni moja. Geti la ngazi lina kufuli mbili, ya pili ufunguo anao mama wa ghorofa ya kwanza na alikuwa kasafiri Tanga.

Kwahiyo ile hatuchukui. Yule yule muuza kahawa ndo katupeleka mtaa wa pili kwa mama mmoja, ghorofa ya pili, nyumba ya zamani dari iko juu, chumba kimoja na sebule tu, laki sita, ngazi mbele na nyuma na mlango wa nyuma nimeufungua kwa mkono wangu. Mama mwenyewe alituuliza maswali kuliko tuliyomuuliza sisi, mnafanya kazi wapi, mmeoana, mtoto analia usiku. Alivyosikia wife ni wa shifti akasema basi mimi silali mapema nitakuwa namsikia akirudi.

Dalali kagoma kupokea simu zangu. Mama mkwe bado hajui.

Dada wa Mtendeni
Ghorofa ya pili mtaa wa pili kutoka kwa yule babu wa kahawa? Mama mwenye paka wengi? Kibuyu wewe ni jirani yangu. Mwambie wife ninapajua pa chipsi.

Bwana Baraza
Na mimi nimeita vijana tumeondoa matenki. Pikipiki mbovu mwenyewe hajulikani, imekaa hapo tangu sijahamia. Kama ni yako uje uchukue kabla ya Ijumaa, ni Honda nyekundu haina tairi la mbele.

Fundi Vioo
Nakuja kuiona kesho mkuu. Vioo vyake vipo?